Maziwa ya Masisi na swali la kemia

Muulize mwanafunzi wa sekondari pale Masisi, mashariki mwa Kongo, kwa nini maziwa huganda, atakujibu: yamechacha. Jibu hilo ni nusu tu, na katika nchi ya ng'ombe na jibini kama hii, darasa lenyewe linaweza kuligundua.

Mwalimu aunde vikundi vya watu wanne, kila mmoja na kazi yake: wa kwanza akamulie limau kwenye maziwa mabichi ya vuguvugu, wa pili atie prezure, kimeng'enya cha tumboni mwa ndama kinachogandishia jibini, wa tatu achemshe maziwa ya leo, wa nne achemshe ya jana. Wenye kazi moja kutoka vikundi vyote wakutane, wajaribu, wabishane, kisha kila mmoja arudi kuwafundisha wenzake. Elliot Aronson alibuni njia hii mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilipoanza kuchanganya watoto Weusi, Weupe na wenye asili ya Mexico, na uhasama ukawafuata hadi darasani. Kwa hiyo naipenda kwa Masisi, ambako mtoto aliyekimbia vita huketi dawati moja na mwenyeji. Nani atampuuza, ikiwa yeye pekee ndiye aliyekiona kikombe cha prezure?

Maziwa ya leo yanachemka salama. Ya jana yanakatika, kwa kuwa bakteria wamegeuza sukari yake kuwa asidi. Limau nalo limegandisha. Wote wanashangilia: ni uchachu! Lakini prezure pia imegandisha. Sasa watie bikaboneti ya sodiamu, ambayo hutoa povu ikikutana na asidi, kwenye maji yaliyojitenga: ya limau yanatoka povu, ya prezure yametulia.

Maziwa mabichi yana pH ya karibu 6.7. Asidi ikiishusha hadi karibu 4.6, chembe za kaseini, protini ya maziwa, hupoteza chaji iliyokuwa ikizitenganisha, zikashikana. Prezure haihitaji kuishusha pH hivyo. Hukata ncha za protini zinazozikinga chembe hizo, kisha kalsiamu huziunganisha. Ndiyo sababu mgando wake huvutika na kukandamizwa ukawa jibini, wa limau ukimeguka.

Walimu wengi huhofia muda, maana Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, inasubiri. Hofu hiyo ni ya haki, na somo moja au mawili ya namna hii kwa muhula yanatosha. Kinachostahili kulindwa ni dakika chache kabla ya bikaboneti, ambapo kila kikundi kinaandika: tukiona nini, tutakubali kwamba tumekosea?