Nimonia ya Mgonjwa wa Kitandani Huanzia Mdomoni

Usiku wa Juni na Julai kwenye nyanda za juu za Kasulu ni wa baridi kali, na mzee aliyepooza akianza kubanwa kifua, wengi hulaumu baridi. Mgonjwa afunikwe blanketi, hilo sikatai. Lakini nimonia ya mtu asiyeweza kuamka kitandani mara nyingi huanzia mdomoni mwake mwenyewe.

Mdomo usiosafishwa hujaa bakteria. Mwenye afya akipaliwa hukohoa, uchafu ukatoka. Aliyepigwa na kiharusi, mzee aliyedhoofu au mgonjwa anayeogopa kukohoa kwa sababu ya mshono wa upasuaji hana nguvu hiyo. Mate na uji hupita njia ya hewa, vikashuka mapafuni na kubaki huko.

Nchini Japani, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulifuatilia wakazi wa nyumba 11 za kutunzia wazee kwa miaka 2. Miongoni mwa waliosafishwa kinywa na wahudumu kila baada ya mlo, asilimia 11 walipata nimonia. Miongoni mwa wasiopewa huduma hiyo, asilimia 19. Msingi wa huduma hiyo ulikuwa mswaki na mkono wa mtu, na mswaki unapatikana hata duka la kijijini Nyakitonto. Asiye na meno naye asafishwe fizi na ulimi kwa kitambaa safi chenye maji. Anayelishwa kwa mpira wa puani asisahauliwe, maana mate yake bado yanateremka kooni.

Kazi ngumu zaidi ni kulisha. Katika wodi zetu anayeshika kijiko kwa kawaida ni ndugu wa mgonjwa, wala si muuguzi, na ndugu huyo huwa na haraka ya upendo: anataka mzee ale, amalize bakuli, apate nguvu. Mgonjwa akiwa amelala chali, kila kijiko ni hatari. Mkalishe wima, kidevu kikiinama kidogo kuelekea kifuani. Mpe nusu kijiko cha chai, upande wa mdomo usiopooza. Tazama kikoromeo: kikipanda na kushuka, amemeza. Subiri. Mwambie afungue mdomo, uangalie shavu lililolegea, kwa sababu chakula hujificha hapo. Akikohoa, au sauti yake ikilowa kama mtu mwenye maji kooni, acha kumlisha na umwite muuguzi. Wengine hupaliwa bila kukohoa kabisa, kwa hiyo mgonjwa wa kiharusi asipewe hata maji kabla hajapimwa uwezo wake wa kumeza. Mara nyingi maji humpalia upesi kuliko uji mzito. Akishakula, abaki ameketi nusu saa.

Nyakati nyingine kichwa na kifua viinuliwe nyuzi 30 au zaidi. Nyumbani, matofali mawili ya kuchoma chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani yanasaidia kidogo, ingawa peke yake hayafikishi nyuzi 30, mradi kitanda kisiyumbe. Ageuzwe kila baada ya saa 2. Aliyepasuliwa apewe dawa ya maumivu kwa wakati, kisha akumbatie mto juu ya mshono, avute pumzi ndefu na kukohoa. Akiruhusiwa na daktari, aamke na kutembea mapema. Asilazwe karibu na mafiga kwa ajili ya joto, kwani moshi huumiza mapafu ambayo tayari yamechoka.

Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumgusa. Hili kila mtu analijua, na ndilo linalorukwa kwanza.

Kwa wauguzi wenzangu nina ombi. Siku ya kumruhusu mgonjwa, msimalize kwa kumwambia ndugu, "Mlishe vizuri." Mpeni kijiko amlishe mgonjwa mbele yenu, amgeuze, amsafishe kinywa, mmrekebishe papo hapo. Mwelezeni pia kwamba mzee mwenye nimonia anaweza asiwe na homa: huanza kuweweseka, hukataa chakula, hupumua haraka. Ndugu amhesabie pumzi kwa dakika nzima mzee akiwa ametulia. Zikifika 30, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mwili wake ni wa baridi.