Mshahara wa Mwalimu wa Chekechea katika Kenya

Katika nchi ya Kenya, shule za chekechea zilienea sana baada ya Uhuru kwa nguvu za harambee. Wanakijiji walitoa kiwanja, wakajenga chumba, wakachagua mtu wa kufundisha, mara nyingi mwanamke wa papo hapo. Na mshahara wake ukatoka katika karo ya wazazi. Serikali ilishughulika zaidi na mafunzo ya walimu na mitaala, na kwa ajili hiyo mwaka 1984 kiliundwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo.

Mpango huo ulikuwa na kasoro moja kubwa. Mshahara haukupimwa kwa kazi wala kwa elimu ya mwalimu, bali kwa uwezo wa wazazi. Mvua zilipokosekana, au bei ya mazao iliposhuka, karo haikulipwa, na mwalimu alikaa bila fedha. Hivyo penye umaskini zaidi, ambapo mtoto humhitaji mwalimu hodari kuliko mahali pengine, ndipo mwalimu alipopata ujira mdogo kabisa, na ndipo ilipokuwa vigumu kumweka.

Kasoro hiyo ilidhihirika mwaka 2003, Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi. Jambo hilo lilikuwa la heri, lakini chekechea haikuingizwa katika msamaha huo. Wazazi wengi wakaona hapana haja ya kumlipia mtoto wa miaka mitano, hali yule wa miaka sita asomeshwa bure. Wakamngojesha nyumbani, au wakampeleka moja kwa moja darasa la kwanza. Watoto wakapungua katika chekechea, na mshahara wa mwalimu ukapungua pamoja nao.

Katiba ya mwaka 2010 ilileta mgawanyo mpya. Elimu ya chekechea iliwekwa mikononi mwa serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013. Walimu wa shule za msingi na za sekondari za serikali wakabaki chini ya Tume ya Huduma za Walimu. Tangu hapo kaunti zimejenga madarasa na kuajiri walimu kwa fedha za umma, nayo ni hatua njema. Lakini kaunti ni 47, na kila moja ina mfuko wake. Kwa hiyo walimu wawili wenye cheti kimoja, wakitenganishwa na mpaka wa kaunti tu, waweza kulipwa mbalimbali, mmoja akiwa wa kudumu na mwenziwe wa mkataba wa muda.

Haki yataka mambo mawili: ngazi moja ya mishahara ifuatayo cheti na miaka ya kazi, na fedha za taifa zitakazoziwezesha kaunti maskini kuilipa. Methali yasema samaki mkunje angali mbichi. Basi yule akunjaye hapana budi apewe ujira wa kumkimu, ili asiiache kazi kabla haijaisha.