Shahada ya Kulea Wanachuo: Ilianzaje Marekani

Mwaka 1922, Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington kilimwita Lucy Diggs Slowe awe mkuu wa wanafunzi wa kike. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya vijana weusi mjini humo, mhitimu wa Howard hiyohiyo, mwenye shahada ya uzamili ya Columbia na bingwa wa tenisi wa mwaka 1917. Aliikubali kazi, lakini kwa masharti. Alitaka nafasi ya kufundisha, ruhusa ya kuishi nyumbani kwake, na kauli katika kila sera inayowagusa wasichana wa chuo. Kukaa bwenini akihesabu nani amerudi saa ngapi, hakutaka kabisa. Kwake, kuwalea wanachuo kulikuwa taaluma, na anayeishika sharti awe ameisomea.

Leo taaluma hiyo inasomewa kwa miaka miwili, shahada ya uzamili, katika vyuo vikuu vingi vya Marekani. Wapo Watanzania, Wakenya na Wakongo waliofika huko kusomea jambo jingine kabisa, wakapata kazi bwenini au katika ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, kisha wakagundua kwamba watu waliowasaidia siku za mwanzo walikuwa wamefundishwa kusaidia. Inafaa kujua mafunzo hayo yalitoka wapi.

Vyuo vya Marekani vya karne ya 19 havikuwa na ofisi ya wanafunzi. Rais wa chuo ndiye aliyefundisha, ndiye aliyeongoza sala, na fimbo ya nidhamu ilikuwa mkononi mwake. Mambo yaligeuka walimu walipoanza kupimwa kwa utafiti wao, kama ilivyokuwa Ujerumani, na wasichana walipoingia kwa wingi kwenye madarasa yaliyokuwa ya wavulana peke yao. Harvard ilimkabidhi LeBaron Russell Briggs kazi ya kuwaangalia wanafunzi mwaka 1891. Mwaka uliofuata, Chuo Kikuu cha Chicago, ambacho kilikuwa ndiyo kwanza kinafunguliwa, kilimwajiri Alice Freeman Palmer kuwa mkuu wa wanafunzi wa kike. Marion Talbot alikuwa naye tangu mwanzo, na baadaye ndiye aliyeishika nafasi hiyo.

Wote hao walijifunza kazi wakiwa ndani ya kazi. Wanawake ndio waliotafuta dawa mapema. Mwaka 1916, Teachers College ya Columbia, New York, ilianza kuwafundisha wakuu wa wanafunzi wa kike, na mwaka huohuo wakaunda chama chao cha kitaifa. Slowe naye alichukua masomo chuoni hapo. Mwaka 1929 Esther Lloyd-Jones alipata hapohapo shahada ya uzamivu katika fani hii, akabaki kuifundisha kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo fani ambayo leo ina maprofesa, majarida na vyama vikubwa ilijengwa kwanza na wanawake waliokabidhiwa cheo bila mamlaka, wakaamua kuyatafuta mamlaka kwa elimu.

Haikuwa rahisi. Miaka ya 1930, chini ya uongozi mpya wa Howard, Slowe alipunguziwa uwezo wa ofisi yake na kutakiwa ahamie chuoni, jambo alilolipinga mpaka alipofariki mwaka 1937. Mwaka huohuo Baraza la Elimu la Marekani lilitoa waraka mfupi uliokuja kuwa msingi wa fani nzima. Ulisema kwamba chuo kina wajibu wa kumtazama mwanafunzi akiwa mtu kamili: akili, mwili, hisia, imani, mfuko wake na watu anaoishi nao. Ukisoma waraka ule ukikumbuka alichokipigania Slowe kwa miaka 15, unaona hoja zake humo.

Kilichofuata ni wingi. Sheria ya mwaka 1944 iliwalipia masomo askari waliorudi vitani, na kufikia 1947 karibu nusu ya wanachuo wa Marekani walikuwa askari wa zamani, baadhi yao wakiwa na wake na watoto. Vyuo vilihitaji watu wa makazi, wa ushauri nasaha na wa ajira, na idara za elimu zikaanza kuwazalisha.

Mahakama nazo zina sehemu yao katika historia hii. Chuo cha Berea, Kentucky, kiliwahi kuwakataza wanafunzi wake kula katika mikahawa ya nje. Bwana Gott, mwenye mgahawa jirani, akashtaki kwa kukosa wateja. Mwaka 1913 mahakama ya jimbo ilimwambia kwamba chuo kinasimama mahali pa mzazi, na mzazi ana haki ya kumkataza mwanawe. Kwa nusu karne baada ya hapo mwanafunzi aliweza kufukuzwa kama mtoto anavyofukuzwa mezani.

Februari 1960, wanafunzi weusi wa chuo cha jimbo la Alabama waliingia katika mgahawa wa mahakama mjini Montgomery na kuomba wahudumiwe kama wazungu. Siku chache baadaye, tisa kati yao walipata barua za kufukuzwa. Hakuna aliyewaita kuwasikiliza. Sita walikwenda mahakamani, na shauri likabeba jina la mmoja wao, St. John Dixon. Agosti 1961 mahakama ya rufaa iliamua kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi bila kumpa taarifa ya kosa na nafasi ya kujitetea. Uamuzi huo ndio uliozika fikra ya chuo kuwa mzazi, na mpaka leo ni miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo mwanafunzi wa shahada hii hufundishwa katika somo la sheria. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, aliyekua akisikia habari za wanachuo kutimuliwa kwa mkupuo baada ya mgomo, kesi ya Dixon inastahili kusomwa taratibu.

Nje ya sheria, kiini cha masomo ni nadharia za makuzi ya kijana wa chuo. Mwaka 1969 Arthur Chickering alichapisha kitabu kinachoeleza njia saba ambazo kijana hupitia, ikiwemo kujitegemea. Vincent Tinto alichunguza kwa nini wanafunzi huacha chuo, akaonyesha kwamba mara nyingi wanaoondoka hawakupata mahali pa kujishikiza, darasani wala nje yake. Nancy Schlossberg aliandika juu ya mtu kuhisi kwamba yeye ni wa maana kwa wengine, au kinyume chake, kwamba ameachwa pembeni. Mwanafunzi aliyetua Minnesota mwezi Januari na kumaliza wiki bila kuitwa jina lake atamwelewa Schlossberg bila kufafanuliwa.

Nadharia hizi si msahafu. Nyingi zilijengwa kwa kuwachunguza vijana wa Kimarekani, wengi wao wazungu, na hilo linaonekana. Kujitegemea kwa maana ya kuachana na wazazi hakumfai binti anayetuma fedha Bukoba kila mwezi na ambaye hawezi kubadili fani bila kushauriana na mjomba. Chickering mwenyewe, akiandika upya kitabu chake na Linda Reisser mwaka 1993, aliisogeza njia ile kutoka kujitegemea hadi kutegemeana. Hapa ndipo msomi aliyekulia Afrika Mashariki ana mchango wake halisi, kwa sababu kutegemeana ndiko alikolelewa nako, na anajua uzuri wake pamoja na mzigo wake.

Darasani huongezwa historia ya elimu ya juu, stadi za ushauri, bajeti na upimaji wa huduma. Viwango vinavyofuatwa na programu nyingi vinadai angalau saa 300 za mazoezi chini ya msimamizi, katika sehemu mbili tofauti: labda miezi kadhaa katika nidhamu, mingine katika kituo cha ajira. Bowling Green ya Ohio, Indiana, Michigan State na Maryland ni miongoni mwa vyuo vinavyojulikana kwa fani hii. Mhitimu hapati leseni kama ya daktari. Anapata shahada ambayo matangazo mengi ya kazi za mabweni, mapokezi ya wanafunzi wapya na ushauri wa masomo huitaja.

Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa nayo ina historia inayotugusa. Washauri wa wanafunzi wa kigeni waliunda chama chao, NAFSA, mwaka 1948. Miaka 11 baadaye ndege iliyopangwa kwa juhudi za mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya ilipeleka Marekani wanafunzi 81, wengi wao Wakenya, na zaidi wakafuata. Mmoja wao, Wangari Maathai, alifika Atchison, Kansas, mwaka 1960. Vyuo vidogo vya miji ya mashamba vililazimika kujifunza kuwapokea vijana hao.

Kwa anayerudi nyumbani, kazi ipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Mshauri wa Wanafunzi, na ofisi za namna hiyo ziko katika vyuo vikuu vya ukanda wetu. Mabweni hayatoshi, bumu, yaani fedha za mkopo wa mwanafunzi, linachelewa, msiba unatokea katikati ya mitihani. Wengi wanaoyabeba haya wanategemea busara na uzoefu wao, nao wanastahili mafunzo.

Gharama ndiyo inayowakwamisha wengi, na mlango wa kawaida ni nafasi ya msaidizi: mwanafunzi hufanya kazi takriban saa 20 kwa wiki chuoni, naye hupunguziwa au kufutiwa ada na kupewa posho. Saa 20 ndizo pia kikomo cha mwenye visa ya mwanafunzi ya F-1 muhula ukiendelea, kwa hiyo hakuna nafasi ya kibarua kingine. Mazoezi ya nje ya chuo yanahitaji kibali kabla ya siku ya kwanza. Baada ya kuhitimu, kwa kawaida fani hii hutoa ruhusa ya kazi ya miezi 12 tu, si ile ndefu ya wahandisi, ingawa vyuo vikuu havibanwi na kikomo cha mwaka cha visa za kazi za H-1B. Barua ya nafasi isomwe mstari kwa mstari: ada imelipwa yote au sehemu, bima ya afya imo au haimo, na mkataba ukiisha Mei, anayelala bwenini kwa sababu ya kazi atalala wapi mpaka Agosti.