Mayai ya Pasaka na hesabu za mtoto

Mtaani Newtown, Johannesburg, karakana ya zamani ya umeme ndiyo makao ya Sci-Bono, kituo cha sayansi kwa wanafunzi. Hata hivyo, safari ya hesabu huanza mapema zaidi, nyumbani.

Utafiti wa mwaka 2021 nchini Afrika Kusini ulionyesha kuwa asilimia 57 ya watoto waliokuwa katika vituo vya elimu ya awali hawakufikia kiwango kinachotarajiwa kwa umri wao.

Msimu wa Pasaka, karatasi zilizochapwa picha za mayai zaweza kusaidia. Mtoto hupaka rangi, kisha huweka punje moja ya maharage juu ya kila yai.

Kukariri namba si kuhesabu. Mwaka 1978, wanasaikolojia Rochel Gelman na C. R. Gallistel walifafanua kanuni zake: kila kitu hupewa namba moja tu, na namba ya mwisho hutaja jumla.

Lugha ya nyumbani nayo ni nyenzo. Kizulu huiita sita "isithupha", yaani kidole gumba, kwani vidole vya mkono wa kwanza vimekwisha. Kwa Kiswahili, "kumi na moja" humwonyesha mtoto kumi, na moja iliyoongezeka.

Asiye na mashine ya kuchapa achore kwa mkono; asiyesherehekea Pasaka achore maembe.