Glavu, Muvi na Stovu

Katika Kiingereza kuna maneno ambayo yakitazamwa kwenye karatasi huonekana kuwa na kina kimoja, lakini yakitamkwa huachana kabisa, na ulinganifu huo unaoonekana bila kusikika unaweza kuitwa kina cha macho. Mfano wake umo katika mazungumzo ya kila siku ya Shauri Moyo, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, ambako watu husema glavu ya golikipa, muvi ya jioni na stovu ya mafuta ya taa. Kwa Kiingereza, glove, stove na move, neno lililozaa movie, huishia kwa herufi zilezile tatu. Kiswahili kilipoyakopa kilifuata sikio, na kwa hiyo kimeziandika wazi irabu tatu, a, u na o, ambazo tahajia ya Kiingereza, yaani utaratibu wake wa kuandika maneno, imezificha nyuma ya herufi moja.

Asili ya hali hiyo ni ya kihistoria. Katika karne ya 14, maneno blood, food na good yalikuwa na irabu moja, o ndefu, na vina vyake vilikuwa kamili hata kwa msikilizaji. Kati ya takriban mwaka 1400 na 1700 yalitokea mageuzi ambayo wanaisimu huyaita Badiliko Kuu la Irabu, ambapo ulimi ulipanda juu zaidi wakati wa kutamka irabu ndefu, na o hiyo ikawa u ndefu. Kisha irabu ya blood ikafupishwa mapema na kuishia karibu na a, ya good ikafupishwa baadaye ikabaki u fupi, na ya food haikufupishwa kamwe. Wakati huo William Caxton alikuwa amekwisha kuanzisha uchapaji huko Westminster mnamo 1476, na maandishi yakazidi kuganda huku vinywa vikiendelea kubadilika. Mwanafunzi wa Shauri Moyo anayeisoma blood kama food, kwa kuwa Kiswahili kimemzoesha kuiamini herufi, hakosi kwa uvivu, na anastahili kuelezwa historia hiyo badala ya kusahihishwa tu.

Kiswahili chenyewe kiliwahi kuwa na jambo linalokaribiana na hilo. Hati za Kiarabu, zilizotumiwa kuandikia tenzi za Lamu na Mombasa, zilikuwa na alama moja, kasra, kwa i na e, na nyingine moja, dhuma, kwa u na o, hivi kwamba mbele na mbili yaliweza kuandikwa kwa namna moja. Hata hivyo tenzi zilighanwa, yaani zilisomwa kwa sauti na mahadhi mbele ya wasikilizaji, na ni sikio la hadhira lililoamua kama kina kimetimia.