Samaki Mkunje Angali Mbichi, Upinde Usubiri Ukauke

Anayechonga upinde kwa mara ya kwanza, mara nyingi huuvunja. Fimbo aliikata juzi, akaichonga jana, leo ameifunga kamba; anaivuta mara ya tatu na inapasuka mikononi mwake kwa kishindo. Lawama zote zinauendea mti. Anarudi porini kutafuta mwingine ulio mnene zaidi, akiamini unene ndio nguvu, na huo nao unavunjika, pengine mapema kuliko wa kwanza. Hakuna mkosi hapo. Kuna hesabu, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kuielewa.

Tuanze na jina lenyewe. Upinde unatokana na kupinda, na hapo ndipo mwanafunzi anapopotea, kwa kudhani kazi yake ni kupata mti unaopinda. Miti ya namna hiyo imejaa, na mbichi ndio unaopinda kuliko yote. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, kwa sababu akikunjwa hivyo atakauka na mkunjo wake. Kwa mlezi wa watoto huo ni ushauri. Kwa mchonga upinde ni onyo. Kinachorusha mshale ni mti kurudi ulikokuwa, tena kwa haraka. Ukikunjwa mbichi utazoea mkunjo, na mshale utaanguka hatua chache mbele yako.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kungoja. Mti uliokatwa hupakwa rangi au nta kwenye ncha zake mbili, maana maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha na kuzipasua. Kisha huwekwa kivulini penye hewa. Je, utajuaje kuwa umekauka? Upime kwenye mizani kila wiki na uandike uzito. Utapungua, utapungua, halafu utasimama. Ukisimama kwa wiki kadhaa, mti umetoa maji uliyokuwa nayo ya kutoa. Kwa gogo nene jambo hili huchukua miezi mingi. Kwa fimbo nyembamba iliyokwisha kuchongwa umbo la awali, muda hupungua sana.

Sasa tuje kwenye kitendawili cha unene. Ukivuta upinde, upande unaotazama shabaha, tuuite mgongo, unanyooshwa. Upande unaokutazama wewe, yaani tumbo, unabanwa. Katikati kuna mstari usionyooshwa wala kubanwa. Kadiri mti unavyokuwa mnene, ndivyo mgongo na tumbo vinavyokaa mbali na mstari huo, na ndivyo vinavyoumia zaidi kwa mpindo uleule. Ndiyo maana fimbo ya pili, ile nene, ilivunjika mapema. Anayetaka upinde wenye nguvu usiovunjika huongeza urefu au upana. Upinde mrefu hupinda kidogo kidogo kila mahali, na upana hugawa mzigo kwa nyuzi nyingi za mti.

Unene una hila nyingine. Ukipunguza upana kwa sehemu moja ya kumi, ugumu wa upinde hupungua kwa sehemu hiyohiyo moja ya kumi. Ukipunguza unene kwa sehemu moja ya kumi, ugumu hupungua kwa zaidi ya robo, kwa sababu unene unajizidisha wenyewe mara tatu katika hesabu hii. Yaani palipokuwa na milimita 20, ukikwangua milimita 2 tu, ugumu unaobaki pale ni kama asilimia 73. Pigo moja la panga lililokwenda ndani kupita kiasi linatosha kupafanya mahali pamoja pawe dhaifu, na upinde utakuwa unapinda hapo tu, kama bawaba ya mlango. Hapo ndipo utakapokatikia. Kwa hiyo panga na tezo ni vya kutoa umbo la mwanzo. Baada yake ni randa, kisha tupa, kisha makali ya kisu yanayokwangua vumbi, na mwisho msasa, wa dukani au yale majani makavu ya mti wenye jina hilo.

Mgongo una sheria yake peke yake: usikate nyuzi zake. Uzi wa mti uliokatwa mgongoni ni mahali pa kuanzia ufa. Katika nchi za baridi mti huacha duara moja kila mwaka, na mchongaji huko hufuata duara moja kutoka ncha hadi ncha. Pinde za meli ya Kiingereza Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, zilichongwa hivi: mti mweupe wa nje, unaovumilia kunyooshwa, uko mgongoni, na kiini kinachovumilia kubanwa kiko tumboni. Miti yetu mingi haina maduara yanayosomeka vizuri, kwani hakuna baridi ya kuyatenganisha. Njia rahisi kwetu ni kuchukua mti mwembamba ulionyooka, kama mkole, kumenya gome na kuuacha mgongo kama ulivyoumbwa, kisha kuchonga tumbo na mbavu tu. Fimbo yenye vifundo vingi iachie jiko.

Baada ya umbo kutoka ndipo inapokuja sehemu inayokula muda kuliko zote, kusawazisha. Upinde hukazwa katikati kwenye ubao uliosimama, kamba hufungwa ncha hadi ncha, na huvutwa chini polepole huku mchongaji akisimama mbali na kuangalia mabawa mawili, la kushoto na la kulia, yanavyopinda. Panapopinda sana hapaguswi. Panapobaki pamenyooka, pamejikaza, hupigwa alama ya penseli na kukwanguliwa kidogo. Kisha huvutwa tena mara 20 au 30, maana mti hauonyeshi mara moja kilichotolewa, halafu huangaliwa upya. Wakati wote huo hauvutwi kwa nguvu inayopita uzito wa kuvuta uliokusudiwa. Wanaoanza huharakisha hapa, wakitaka kuona mshale ukiruka, na jioni wanaota moto wa upinde wao.

Haraka hii ina dawa, nayo inajulikana kando ya Ziwa Eyasi. Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania hadi leo wanawinda kwa pinde ndefu za mti mmoja, zenye upote, yaani kamba ya upinde, wa kano za wanyama. Mwanamume mzima hutumia upinde wenye uzito wa kuvuta wa kama kilo 30. Mishale huipasha moto na kuinyoosha kwa meno. Lakini hakuna aliyeanzia kwenye kilo hizo. Mtoto wa kiume hupata kiupinde chake akiwa na miaka kama mitatu, kidogo kama yeye, na kila kimo kina upinde wake. Mkono na jicho vinakua pamoja na mti. Mtu mzima anayeanza leo hana budi kufuata njia hiyohiyo: upinde wa kwanza uwe mrefu kama kimo chake na uvutwe kwa kilo 12 hadi 15. Ukiwa mwepesi, mti unasamehe makosa yatakayokuwapo.

Ukivunjika hata hivyo, usiutupe kabla ya kuusoma. Kibanzi kilichoinuka mgongoni kinasema nyuzi zilikatwa, au mti ulizidiwa kwa kunyooshwa. Mikunjo midogo tumboni, iliyokatisha mti, inasema tumbo lilibanwa kupita uwezo wake: upinde ni mfupi mno, au unapindia mahali pamoja. Upinde usiovunjika lakini ukabaki umejikunja mara nyingi ulikunjwa ukiwa bado na maji.

Kwa upote, epuka nailoni, kwani huvutika na kula nguvu ya mshale. Ukiufunga, nafasi kati yake na mshikio iwe ngumi moja na kidole gumba kilichosimama, karibu sentimita 15. Usivute na kuachia bila mshale, kwa sababu nguvu iliyokuwa iondoke na mshale itarudi kwenye mti na kuupasua. Na jioni ukimaliza, fungua upote. Upinde ukilala umekunjwa, asubuhi hautarudi wote.