Jiko ya Nyuma Ndio Form

Wasee wa Kibirichia, huku Meru, wanajenga. Waru ikishika bei, ama mtoi wa Nairobi akiomoka kiasi, kitu ya kwanza kuinuka shags ni keja ya mawe ya mathe: mabati ya rangi, madirisha kubwa zinacheki Mlima Kenya, na jikoni ya ndani yenye imetolewa TikTok mbichi. Unajua hio luku. Kabati za MDF zinang'aa mpaka unajiona, top ya graniti, mfereji mweusi, taa za LED zimefichwa chini ya kabati, dari ya gypsum imekatwa mawimbi, na kaunta ya katikati ya kukalia na viti ndefu. Hakuna ukuta kati ya jikoni na sebule. Imeweza, na sibishi. Picha ikitumwa kwa grupu ya familia mapenzi inaonekana, juu mathe amekohoa moshi miaka mob na sasa mtu ameamua apike kwa place safi.

Sasa tembelea hio keja July, saa moja jioni, baridi ya mlima ikishuka. Cheki moshi inatoka wapi. Inatoka nyuma, kwa ile jiko ya mbao na mabati yenye ilikuwa hapo kabla ya keja. Mathe ako huko. Shosh ako huko. Watoi wako huko na homework, na jirani mwenye alikuja mara moja tu kuulizia bei ya waru bado amekalia stuli. Ile jikoni ya graniti iko na thermos na vikombe za wageni.

Nasema hivi: kama mfuko inatosha kujengea mathe jikoni moja, jenga hio ya nyuma. Peleka doo ya gypsum huko. Peleka fundi msafi huko.

Juu cheki kwanza ni nini iko ndani. Kuta za msaipresi zimekunywa masizi mpaka zikakuwa nyeusi ya kung'aa, rangi yenye wasee wa dizaini huko nje wanalipia. Kwa upande wa upepo kumebandikwa magazeti, moja juu ya ingine, na ukiinamia unasoma habari za serikali yenye ilishaenda home. Sufuria zimening'inia kwa misumari kuanzia ya harusi mpaka ya mayai mbili, na zimesuguliwa na jivu hadi zinarudisha mwanga wa moto. Juu ya moto kuna mahindi ya mbegu imefungwa na maganda yake, ndio moshi ifukuze wadudu. Chini, kwa jivu moto, kuna waru mbili tatu zinaiva polepole, za mwenye atafika kwanza. Kila kitu iko na kazi na kila kitu iko place mkono inafika. Hio ni dizaini, na aliyeichora ni mathe mwenyewe.

Moshi ndio adui, na hapo siwezi pamba. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 3.2 walikufa mwaka wa 2020 juu ya hewa chafu ya majumbani, na sehemu kubwa ya hio ni moto wa kupika. Sensa yetu ya 2019 ilipata zaidi ya nusu ya keja za Kenya, asilimia 55, zinapika na kuni. So hii si story ya shosh mmoja na macho yake mekundu. Kuna wasee wanadhani dawa ni kununua meko tu na kufunga jiko ya nyuma. Meko ni kitu poa, na msee wa nduthi atakuletea mtungi mpaka kwa gate. Lakini bei yake inaruka: July 2021 serikali ilidunga gesi VAT ya asilimia 16, ikashushwa hadi 8 mwaka uliofuata, ikatolewa 2023. Na mahindi na maharagwe zinachemka masaa. Hakuna mathe ataachia gesi masaa matatu na kuni iko nje bure. Kibirichia watu wanachanganya: chai ya asubuhi ni meko, githeri ni kuni. Hata baridi iko kwa hesabu, juu meko haipashi joto watu saba.

Na sasa ngoja nikupeleke mbali kidogo, juu hii jikoni tunakopi iko na wenyewe. Kabati zimepangwa ukutani, kaunta moja ndefu, kila kitu kwa kipimo: hio babu yake ni jikoni ya Frankfurt, Ujerumani, 1926, yenye ilichorwa na Margarete Schütte-Lihotzky. Alisoma venye mpishi wa treni anapika kwa kachumba kadogo bila kutembea sana, akatoa jikoni ya upana wa karibu mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Zilijengwa kama elfu kumi. Mdosi wa huo mradi alikuwa Ernst May, na huyo May 1934 alikuja East Africa, akafanya kazi ya usanifu Nairobi, na baadaye akachora hoteli ya Oceanic huko Mombasa. So hii laini ilitufikia kitambo kuliko TikTok.

Schütte-Lihotzky alikuwa anataka mama wa keja ndogo apumzike, na namheshimu kwa hio. Lakini alichorea mtu mmoja, mwenye anapika akiwa solo. Kibirichia mtu hapiki solo. Mmoja anamenya waru, mwingine anachambua mboga, mwingine anashikilia sufuria ndio mukimo ipondwe, na wawili hawafanyi kitu ila kubonga, na hao wawili ni wa maana pia. Ukiweka hiyo mbogi kwa kajikoni ka kabati, watagongana viwiko na watarudi nyuma. Kosa si yao.

Malaysia na Singapore walishamalizana na hii story. Huko keja mob zinakuwanga na jikoni mbili, ya mbele kavu ya kutengeneza chai na kukaribisha wageni, na ya nyuma ya mafuta, moto mkali na maji mengi. Hakuna mtu anaona haya na ile ya nyuma. Inachorwa kwa plani na inawekwa tiles kama ile ingine. Hapo ndio nataka tufike.

Fundi wa Kibirichia anaweza. Jiko ya matofali na udongo, midomo mbili, imeinuliwa ndio mathe asiiname, na bomba ya mabati ya jua kali inatoka mpaka juu ya kilele cha paa ndio upepo usirudishe moshi ndani. Pale bomba inapita karibu na mbao, acha nafasi na uweke bati ingine, juu msaipresi uliokauka miaka ishirini unashika moto haraka. Dirisha mbili zinaangaliana. Bati moja ya kupitisha mwanga kwa paa, na mchana hautafuti switch. Na ujue Kenya imeshafundisha Afrika kuhusu jiko: ile jiko ya makaa ya bati na udongo ndani, yenye kiuno nyembamba, ilitengenezwa hapa miaka ya 1980 kutokana na jiko ya Thailand, na leo iko nchi mob.

Luku nayo usiogope. Terazo imerudi kwa majarida za dunia, na hapa fundi anaimwaga na simiti na kokoto za rangi, akaisugua ikang'aa, na sufuria moto haiipigi blista venye inapiga MDF. Rafu wazi ndio trendi, na mathe amekuwa nazo tangu ujana wake. Rangi za udongo, kijani ya mboga na kahawia, zinaficha masizi kuliko nyeupe. Na kama guka aliacha kabati ya Meru oak kwa store, usiiuze. Huo mti ni wa hizi slopes zetu, umekatwa sana, na ubao kama huo haupatikani kirahisi tena. Uisugue, uipake mafuta, uiweke nyuma ya mlango.

Waru nayo ijengewe room yake. Shangi, yenye kila mtu analima, inachipuka haraka ikikaa, na mwanga unaigeuza kijani na uchungu, kitu yenye inaweza kukuumiza tumbo. So kona ya giza, sakafu ya mbao imeinuliwa, hewa inapita chini, mbali na moto. Hakuna video yoyote ya jikoni imenionyesha hio, na hapa ndio kitu ya kwanza mathe ataulizia.

Kabla fundi achanganye simiti, mwite mathe asimame pale pale. Akunje mkono, upime kutoka chini hadi kiwiko. Kaunta ya kukatia mboga ikae sentimita 10 hadi 15 chini ya hapo. Ya kuponda mukimo ishuke zaidi, na iwe nzito isiyotingika, juu hio kazi inafanywa na uzito wa mabega. Fundi atakwambia kipimo ni kimoja kila keja. Mwambie ngoja, na umpe mathe mwiko ajaribu.